Mabati Arobaini ya Bibi Lusiana

Mipingoni, njia ya Mandawa
12 Novemba 2023

Eva, mke mwenza,

Hujambo? Mimi sijambo, goti la kushoto tu ndilo lina maneno. Barua hii anaiandika Mwalimu Methodius, yule wa Bukoba, maana mimi kalamu najua kuiokota tu na kumrudishia mwenyewe. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitie maneno ya shuleni. Akiongeza lake nitajua, nitamwita jirani yangu Stumai anisomee tena.

Simu uliyonipa nashukuru. Lakini ukitaka mtandao lazima upande kwenye kichuguu cha Swalehe, na mimi na umri huu siwezi kusimama juu ya kichuguu napiga kelele haloo, haloo, watu wakaniona. Barua atakuletea Mahamudu wa pikipiki. Barua nitasomewa mara tatu. Simu ikikatika imekatika.

Mabati yamefika. Yote arobaini, hakuna lililokunjika. Yamekaa mahali pazuri. Usiniulize ulize.

Sasa sikiliza. Unajua hii shule yetu shikizi, tawi tu la shule mama, watoto wa la kwanza na la pili wanasomea kwenye kigango cha kanisa, Ijumaa wanatoa mbao zao ili Jumapili watu wasali. Halmashauri walituambia wenyewe: pandisheni kuta za darasa mpaka juu ya madirisha, mfunge renta ya zege juu yake, sisi tutamalizia paa, sakafu, milango na madawati. Tumepandisha. Mimi maji ya kufyatulia tofali nimebeba mpaka shingo imekuwa fupi. Na wakasema tena: shikizi isiyo na darasa lake itafungwa, watoto wote waende shule mama. Kilomita nane, ng'ambo ya korongo. Korongo lile mwezi wa pili unalijua wewe. Ulivuka juu ya mgongo wangu, ukanikojolea.

Basi Jumanne wakaja wageni wa halmashauri kukagua, watu wanne na gari. Nikawauliza wenzangu, hawa watakaa wapi? Kigangoni wamejaa watoto. Mtu ameshika daftari la pesa halafu unamkalisha juani, atakuandikia nini? Tukawaweka ndani ya boma la darasa lenyewe, kuta zile tulizopandisha, kivuli kizuri, viti vya Padre. Tukawapa kuku wawili, mbaazi za nazi, korosho za kuchoma. Yule mwembamba alikula kama katoka kufunga. Akatazama juu, akatazama chini, akaandika. Wakaondoka wanacheka.

Niambie sasa, wanaanza lini kutujengea?

Halafu huyu mwalimu ana meno mazuri na hajaoa. Amekataa kuandika hilo. Nimemwambia nitakaa hapa kimya mpaka aandike. Ameandika.

Mimi bibi yako,
Lusiana (dole gumba hili hapa)

*

Ruangwa mjini
30 Novemba 2023

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ofisini, nikacheka mpaka Mama Dorotea, bosi wangu wa mipango hapa halmashauri, akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mwambie Mwalimu Methodius namsalimia, na pole yake.

Bibi, nina furaha mbili. Ya kwanza ni ya mabati. Mshahara wangu wa kwanza wote uliishia pale, na sijutii hata shilingi. Mvua zimeanza, nakuona umelala kwenye nyumba kavu, unasikia mvua inapiga juu na wewe hujali. Nyasi zile zilizokuwa zinavuja nilizichukia tangu nikiwa mdogo. Ukipata muda niambie fundi alipaua vizuri? Aliweka kofia juu, pale mabati yanapokutana?

Furaha ya pili ni yenu nyote. Mimi ndiye ninayeingiza majedwali ya shule kwenye kompyuta, ya bajeti ya mwaka ujao. Kuna jedwali la maboma ya kumalizia, milioni kumi na mbili na nusu kila darasa, kutoka mapato ya ndani. Na kuna jedwali la madarasa yaliyokwisha kuezekwa, hayo hayapewi kitu. Nikafika kwenye Mipingoni, nikakuta wakaguzi wameandika: limeezekwa, bati jipya. Bibi! Sikuamini! Nikasema hawa watu wa kwetu wamepata mfadhili, wamenyamaza tu. Kwa mkono wangu mwenyewe nikaihamisha Mipingoni kwenye jedwali la pili, na nafasi yenu ikaenda kwa kijiji kingine ambacho boma lao liko wazi.

Ni nani huyo aliyewaezekea? Nataka nimwandikie barua ya shukrani.

Mjukuu wako,
Eva

*

Mipingoni
8 Desemba 2023

Eva,

Irudishe.

Mwalimu anasema nianze na salamu. Salamu nitaandika siku nyingine. Umefanya nini wewe mtoto? Irudishe Mipingoni ilikokuwa. Lile paa si paa. Halina dari, halina mbao za maana, limeshikwa na miti ya porini na misumari ya kuokoteza. Sakafu ni vumbi. Mlango ni mkeka. Watoto sasa wamo humo ndani kwa sababu ya mvua, lakini upepo wa Mandawa ukija na nguvu zake utaliokota lile paa na kulipeleka Likunja.

Nani kaezeka? Mtu. Mtu mmoja tu wa hapa hapa. Barua ya shukrani hataki. Hajui kusoma.

Na kitu kingine. Unasema halmashauri inatoa, inatoa. Inatoa nini? Ushuru wa korosho zetu na ufuta wetu ndio huo. Mimi mwenyewe msimu huu nimekatwa pale kwenye chama cha msingi cha ushirika, nimeona kwa macho. Basi wasitupe kama wanatupa sadaka.

Nyumba ni nzuri. Mvua inapiga vizuri. Fundi aliweka kofia.

Lusiana

Eva, mimi Methodius ninayeandika. Bibi ametoka kufukuza mbuzi. Naomba tu uje, au uulize vizuri. Sitaandika zaidi, anarudi.

*

Nachingwea
19 Januari 2024

Bibi,

Shikamoo.

Niko Nachingwea siku tano, tumeletwa kwenye mafunzo ya mfumo wa bajeti. Jana jioni nikasema nipite kwa Abdulatifu, yule aliyeniuzia mabati, nimshukuru. Nilipoingia tu dukani akasimama. "Eva! Hongera sana! Bibi yako ni mtu wa ajabu!" Nikamuuliza, wa ajabu kwa lipi? Akasema, "Dereva wangu alifika kwake na mabati, bibi akakataa yasishushwe nyumbani. Akapanda mbele, akamwelekeza mpaka shuleni. Yakashushwa pale, yakapandishwa siku hiyo hiyo, wanawake wanaimba."

Nilikaa chini kwenye gunia la saruji.

Bibi, unalala wapi? Nijibu hilo kwanza. Nimekuwa naiona nyumba kavu miezi miwili, kumbe unahamisha kitanda usiku kukwepa matone. Fundi aliweka kofia! Uliniandikia hivyo bila haya, na yule mwalimu akaandika! Nilikasirika, nikalia, halafu Abdulatifu akaniletea soda, na nilipofika katikati ya soda nikaanza kucheka, nikashindwa kunyamaza. Watu wa dukani wakadhani nimechanganyikiwa.

Sasa nisikilize, hili ni zito. Nimerudi kwa Mama Dorotea, naye yuko hapa hapa mafunzoni, nimemweleza yote. Nimemwambia wazi kwamba mwenye mabati ni bibi yangu, asije akasikia kwa mwingine. Akasema, "Jedwali halibadilishwi kwa sababu ya bibi ya mtu." Kisha akasema, "Lakini paa likiwa la mtu binafsi, si la shule. Mhandisi akienda tena akakuta boma liko wazi, na kijiji na kata wakaandika, litarudi kwenye orodha. Kupata pesa ni jambo jingine. Hilo ni la madiwani."

Baraza la Madiwani linakaa tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Mhandisi Nasri atapita huko kabla ya hapo.

Sikuambii uyashushe. Siwezi kukuambia hivyo. Ukiyashusha, watoto wanarudi kubanana kigangoni katikati ya mvua. Na madiwani wakikataa, mtakuwa hamna paa wala pesa, shikizi itafungwa. Ukiyaacha, mna paa la miti ya porini na shikizi bado inaweza kufungwa, maana darasa la sakafu ya vumbi hawalihesabu. Mimi ndiye niliyewatoa kwenye orodha, na sijui nikushauri nini. Mabati ni yako. Nilikupa wewe.

Eva

*

Mipingoni
29 Januari 2024

Eva, mke mwenza wangu, mjukuu wangu wa pekee,

Haya, umenikamata. Nimekaa hapa nimeshika shavu, Mwalimu ananicheka.

Nilisema ni siku moja. Wageni waje, wakae kivulini, waondoke, nami niyashushe yaende nyumbani. Ndiyo maana niliyaweka juu juu, misumari michache. Sikujua kwamba mkaguzi akiona kivuli anaandika paa. Mimi kwangu mgeni nikimtafutia kivuli ni heshima. Kumbe mngetaka wageni wenu waungue ndio mtupe pesa! Hayo nani alitufundisha?

Halafu wageni wakaondoka, na usiku ule ule mvua ikashuka. Asubuhi nimekwenda na ngazi. Nikakuta watoto wamo ndani, wakavu, wanasoma a, e, i, o, u kwa sauti moja. Na mtoto wa Stumai ananiona pale mlangoni, ananiambia, "Bibi, ingia, huku hakunyeshi." Ungeyashusha wewe? Basi nikarudi nyumbani na ngazi yangu. Nalala upande wa jikoni, hapavuji sana. Usilie tena, mimi nimelala kwenye nyasi miaka sabini na kitu, sijaota uyoga.

Barua yako nilisomewa mara nne. Mara ya nne nikamwambia Mwalimu funga, nimeshajua. Nikaita watu. Nikawaambia, jamani, mimi nililala na uongo, na uongo wenyewe umetutoa kwenye orodha. Nataka kuchukua changu. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Bibi Lusiana, wakikataa je?" Nikamwambia wakikataa tutakwenda kukaa ofisini kwao na watoto wote sitini na mbao zao, wafundishwe kwenye korido. Wakasema ndiyo.

Juzi Jumamosi ndiyo tumeshusha. Fundi alitaka malipo, tukamwambia akalale. Stumai alipanda, ndiye mwepesi. Mwalimu alishika ngazi ameangalia pembeni kwa heshima, sketi ya Stumai ilikuwa inapeperuka, wanawake wanamwita, "Mwalimu, shika vizuri, hiyo ni ngazi siyo shingo ya twiga!" Aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, na ni mweusi. Bati moja moja linashuka, tunalipokea kwa vigelegele kama bibi harusi.

Tumebakiza mabati sita juu, gari hilo. Mhandisi. Hakuna aliyemwambia siku, alikuja tu. Kijana mpole, ana kofia ya plastiki. Akashuka mbio.

"Akina mama! Mbona mnabomoa shule?"

Nikamwambia, "Hatubomoi. Hili ni boma la kijiji. Haya ni mabati ya Lusiana. Yalikuja kusalimia wageni, sasa yanarudi kwao."

Akaangalia ile miti. Akaangalia misumari. Akasema, "Hii misumari ingewaangukia watoto."

Nikamwambia, "Ndiyo. Andika na hilo. Uandike kwamba kosa ni langu, si la kijiji wala la mjukuu wangu, na kwamba Jumatatu watoto wanarudi kigangoni na watakwenda huko wanaimba, lakini msidhani wataimba hivyo mpaka mwaka ujao."

Aliandika muda mrefu. Nikaweka dole. Mwenyekiti akapiga muhuri. Mtendaji wa kata naye ameandika yake. Mhandisi tukampa muhogo na karanga, akala amesimama juani, na hakulalamika. Nampenda huyo pia, lakini wa kwako ni huyu wa Bukoba.

Sasa mimi nimemaliza kazi yangu. Yaliyobaki ni yako na hao madiwani.

Lusiana

*

Ruangwa mjini
24 Februari 2024

Bibi,

Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo!

Naandika mbio mbio, kwa hiyo mwambie Mwalimu asinicheke mwandiko.

Juzi Baraza limekaa. Mimi nilikaa nyuma na mafaili, si mtu wa kusema pale. Ukumbi umejaa, madiwani wamevaa majoho yao. Wakafika kwenye elimu msingi. Mama Dorotea akasoma: boma la Mipingoni limerudishwa kwenye orodha baada ya ukaguzi wa pili. Diwani mmoja akasimama hapo hapo. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, fungu limeisha. Mipingoni walipotolewa, nafasi yao ilipewa kijiji cha kwangu. Mnataka kutunyang'anya?"

Na alikuwa na haki, Bibi. Nilijisikia vibaya sana.

Mama Dorotea akasema hapana, kijiji chako kinabaki. Akamwomba Mhandisi Nasri asome taarifa yake. Nasri akasoma yote, na kuhusu uongo wako, na kuhusu misumari, na kuhusu wanawake juu ya paa. Akasoma neno kwa neno: "Yalikuja kusalimia wageni, sasa yanarudi kwao." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti aligonga meza na yeye mwenyewe anacheka.

Kisha Mama Dorotea akafungua ukurasa mwingine. Akasema, "Waheshimiwa, kwenye viburudisho vya vikao, semina za nje ya wilaya na mafuta ya safari, tumeomba milioni arobaini na moja. Naomba Baraza lifikirie kupunguza milioni kumi na mbili na nusu kutoka hapo."

Nikadhani basi, imekwisha, hakuna mtu anayekata chai yake mwenyewe.

Akasimama yule yule diwani aliyelalamika. Mzee mkubwa, sauti nzito. Akasema, "Akina mama wameshusha paa kwa mikono yao katikati ya mvua. Sisi tushindwe kushusha chai?"

Mwenyekiti akauliza wanaoafiki wanyooshe mikono. Mimi niliinamisha kichwa kwenye mafaili nisione. Nikasikia tu majoho yanachakarika. Mama Dorotea akanigusa bega. "Inua uso wewe," akasema. Nikainua. Sikuweza kuhesabu, Bibi. Mikono ilikuwa mingi kuliko macho yangu.

Imepita. Iko kwenye kitabu. Pesa zitaanza kutoka baada ya mwezi wa saba, na Nasri amesema Mipingoni ni ya kwanza kwake. Shikizi haifungwi. Na darasa likikamilika, wataongeza darasa la tatu na la nne, ili wale wanaovuka korongo warudi.

Siku hiyo kikao kilimalizika saa kumi, chai haikuwepo. Kila mtu alikunywa maji, na hakuna aliyekufa.

Mabati yako nitakuja na fundi wa kweli wikiendi ya Pasaka nikuezekee mwenyewe. Ukiyapeleka tena mahali, nakuhama.

Mjukuu wako, mke mwenza,
Eva

*

Mipingoni
14 Januari 2025

Eva,

Hujambo mama? Leo salamu naanza nazo kabisa, sina hasira na mtu, na paa ulilonipa Pasaka halijavuja hata tone.

Shule imefunguliwa jana. Nilikwenda alfajiri nikakaa mlangoni pa darasa, sikutaka nisimuliwe. Lina sakafu, mtoto akidondosha kifutio unasikia. Lina milango miwili na kufuli, na ufunguo mmoja ninao mimi, nimekataa kuurudisha.

Wale wa darasa la nne, wanaorudi kutoka shule mama, walitakiwa waje saa moja. Saa moja hakuwepo hata mmoja wao. Nikasema mama yangu, wazazi wamezoea shule mama, hawataki kuwarudisha. Mwalimu anatembea huku na huku anafuta ubao ambao haujaandikwa kitu. Saa moja na nusu nikaona vichwa kule kwenye njia ya korongo. Ni wao, Eva. Waliamka wakaenda shule mama kwa mazoea, miguu ndiyo iliyowapeleka, mpaka walipofika kwenye maji ndipo mmoja akasema, jamani, sisi si tunasoma nyumbani? Wakageuka wote kumi na tisa, wakaja mbio, viatu mkononi. Wanawake walikuwa mashambani kwenye palizi, wakawaona, wakatupa majembe, vigelegele kutoka kila shamba mpaka watoto wenyewe wakaogopa wakadhani kuna msiba. Nikawaambia ingieni, hakuna aliyekufa, kaeni.

Wakakaa. Kumi na tisa, na kila mmoja ana mahali pa kuweka kiwiko. Nimewahesabu kwa vidole, nilipokosa vidole nikaanza upya.

Nilikuwa na mengine ya kukuambia, kuhusu ufuta, na kuhusu Mwalimu huyu ambaye namwona anaandika barua nyingine pembeni na haniambii ni ya kwenda wapi, na uso anauficha, lakini mimi siulizi, nawe usinifiche. Hayo tutayasema. Zamani alikuwa ananiandikia hata kurasa nne, sasa ananiambia, "Bibi, fupisha, nina madarasa manne."

Anasimama. Kengele imegongwa, hii kalamu anaiondoa na mimi bado nina